Karatasi Niliyoificha Mkobani

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka mimi shangazi yako siwezi kukaa kitako. Nilikuwa na umri wako huo, nimemaliza skuli, nnautaka udaktari kwa moyo wangu wote. Imebaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa kuingilia chuo cha utabibu. Baba akanipeleka mtaa wa Ghala, kwenye kituo cha mafunzo kilichokuwa juu ya gereji, na pale hawakuandikishi mpaka ufanye mtihani wa majaribio. Maswali yote kwa Kiingereza, saa ukutani, mwalimu hasemi neno. Wakanisahihishia pale pale: maswali kumi na moja katika hamsini. Mengine sikuwahi hata kuyasoma.

Nilitoka nje. Nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani. Baba alikuwa ananingoja garini.

"Baba, hapa hapanifai. Makelele ya gereji matupu."

Makelele yalikuwepo, sikatai. Lakini kilichonikimbiza ni zile alama.

Nikakimbilia mtaa wa Azaiba kwa Bi Zuwena, mwalimu mstaafu wa bayolojia, akisomesha kikundi cha wanafunzi sebuleni kwake. Sisi wa asili ya Unguja tunaoishi huku ng'ambo sote tukimjua. Alikuwa akieleza moyo na figo kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na wallahi unaelewa. Kila nikijibu, husema, "Mashaallah, daktari wetu huyu!" Mama kusikia hivyo, akawatangazia jamaa zetu wote wa mtaa wa Ansab.

Nje nnacheka, ndani roho haitulii. Siku moja nikaufungua mkoba nimwoneshe Bi Zuwena ile karatasi, nikaufunga tena. Niliona haya. Binti anayesifiwa vile, atoe aibu ile mbele ya wenzake?

Mtihani ukaja. Nasoma swali kwa Kiingereza, nalifasiri kichwani, ndipo nalijibu. Muda ukaniishia na maswali chungu nzima sijayagusa. Jina langu halikutoka.

Nikenda kwa Bi Zuwena nikalia, na siku hiyo ndiyo nikamtolea karatasi. Akavaa miwani, akaisoma yote. Nikadhani atanibembeleza.

"Hii unayo tokea lini?"

"Tokea kabla sijaja kwako, mwalimu."

"Basi umejidhulumu, na mimi umenidhulumu. Nakusomesha unachokijua, na wewe umenyamaza kwa kuwa nakusifu! Ungenionesha siku ya kwanza, ningekurejesha Ghala mwenyewe, nimekushika mkono."

Wakati ule aliyekosa udaktari hupangiwa kwengine, nami nikapangiwa maabara. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nimestaafu, na nimeipenda, alhamdulillahi. Lakini kila daktari kijana akija kuchukua majibu ya vipimo, nilikuwa nikimwonea wivu. Nakwambia ukweli.

Sasa wewe unanionesha kwenye simu kozi nne za kujitayarisha na mtihani ule ule, unaniuliza ipi bora, na kesho unataka kulipia. Sijui, mwanangu! Zile picha za watoto wanaocheka mimi haziniambii kitu. Ngoja kwanza. Kaombe mtihani wa majaribio, wenye saa na kwa lugha ile ile utakayoulizwa siku yenyewe. Usitazame binti wa ammi yako kaenda wapi, wala mwalimu ni jamaa ya nani. Alama ukizipata, hata ziwe mbaya vipi, mpe mwalimu mkononi kabla hujakaa kitini, umuulize, "Hiki kinachonishinda, utanisaidia vipi?" Akikuonesha njia, kaa. Akianza kukusifu, mshukuru kwa adabu, uondoke. Na mimi nioneshe. Sitocheka, wala sitomwambia mamaako.

Mola akufanyie wepesi, akuondoshee haya ya kusema hujui, na akupe ile kazi aliyoikosa shangazi yako. Haya, inuka ukawapigie simu. Mimi nipo hapa hapa, nataka kusikia wanavyokujibu.