Fundi Aliyetaka Kuzikwa Tambarare

Seremala wa mtaa wa Mpumudde aliyenitengenezea kitanda kifupi amefariki. Jirani yake alinipigia simu asubuhi, siku chache zilizopita, mvua ikinyesha hapa Jinja, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa dua. Nilijiuliza: mvua hii, nani atampigia simu mama yake?

Mama huyo anaishi Mlima Elgon, juu ya Mbale, kwenye mteremko ambao zamani ulipakana na msitu. Wingu likitanda upande wa mashariki, fundi aliweka randa chini na kupiga simu. Mama asipopokea, kazi imelala. Siku ya kukata mbao zangu simu iliita mchana kutwa bila jibu, kumbe mama kaiacha dukani inachajiwa. Fundi kwa hofu alipima mara mbili na kukosea mara mbili, na tangu hapo miguu yangu inalala nje. Nilikwenda kukichukua nimejiandaa kugomba. Nilipouona uso wake, nilibeba kitanda changu nikaenda zangu.

Sababu alikuwa nayo. Ujanani, yeye na baba yake walipasua mbao katika msitu huohuo, na sisi wa mjini tukazilalia. Aliniambia kwamba mwanzoni walishangilia, kwa sababu chini ya miti walikuta udongo mweusi, laini, na maharage ya kwanza yalikuwa ya kujivunia. Lakini rutuba ya msitu wa mvua haiendi chini sana. Imo katika majani yanayoanguka na kuoza, na miti ikiondoka hakuna kinachoanguka tena. Misimu michache tu, ule weusi ukateremka mtoni, ukabaki udongo mwekundu unaokunywa maji mpaka uzito unaushinda, wala hakuna mizizi ya kuushika. Sasa nyuma ya nyumba ya mama kuna ufa, na kila masika unapanuka. Mvua nazo siku hizi hazina adabu, zinachelewa kisha zinamwagika zote kwa pamoja. Tunasikia kijiji kimefukiwa na maporomoko, tunasikitika, halafu tunaulizana bei ya sukari.

Fundi alinunua kiwanja tambarare, nje ya Mbale, akajenga vyumba viwili. Mama akakataa kuhamia. Alisema hawezi kumwacha mumewe peke yake mlimani, na mumewe kazikwa pale uani, hatua chache kutoka kwenye ufa. Fundi alibembeleza, akanuna, akatuma masheikh. Wapi! Mara ya mwisho kuonana, kifua kikiwa kimeshambana, aliniambia jambo lililoninyima usingizi.

"Bwana, mama hawezi acha kaburi ya baba. Sasa mimi nikikufa, munizike kule chini. Labda atakuja fuata mimi."

Nilimkemea kwa kusema hivyo. Juzi nilimzika. Wajomba walitaka apelekwe mlimani, akalale karibu na baba yake, na ubishi ulipamba moto huku jeneza likisubiri. Mama ndiye aliyeukata. Aliuliza kama kweli mwanawe alisema hivyo, nikathibitisha, akasema basi azikwe hapo alipotaka. Kisha akatandika mkeka katika chumba kimoja cha mwanawe, ambacho hakuwahi kukikanyaga.

Wakati wa kuaga nilimuuliza kama atabaki. "Nitakaa na yeye mpaka arobaini ipite," alisema. "Halafu nitarudi kwa mzee."

Nimejifunza kwamba mtu haondolewi kwenye hatari kwa kuonyeshwa hatari. Huondoka akipata wa kumwendea, na fundi wetu hakuwa na kingine cha kutoa ila kaburi lake. Ninapoandika haya wingu limetanda tena mashariki, na sasa anayepiga simu ni mimi. Mama amepokea. Yuko chini bado. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuomba matanga yasiishe.