Bhoke na Rufaa ya Usingizi

Pale Maganzo watu walikuwa wamembandika Ngusa jina la Baba Usingizi. Bhoke, mkewe, alilisikia kwa masikio yake siku mchimbaji mmoja wa almasi alipolitamka huku akila ugali kwenye kibanda cha chakula cha Bhoke. Hakugomba. Aliiondoa sahani ikiwa bado nusu, akasema, "Nenda kamalizie kwa watu wasiolala."

Ngusa alikuwa koplo mstaafu, mpole na mrefu, na tangu avue sare hakuna kazi iliyodumu mikononi mwake. Alilinda ghala la pamba, wakamkuta amelala kitini saa nne asubuhi. Akaendesha bodaboda, akasinzia, akaingia mtaroni na abiria wake. Walipona kwa bahati tu. Watu wakasema anakunywa kwa siri.

Bhoke alijua hanywi. Kila mumewe alipojinyoosha mkekani baada ya chakula cha mchana, alikoroma mpaka wateja wakageuka, halafu ghafla kimya. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Bhoke huacha mwiko, huhesabu mpaka ishirini na kitu, ndipo mume hushtuka akivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Daktari Ritha wa Shinyanga mjini aliwapeleka Mwanza kwenye vipimo, na majibu yakaonyesha kwamba pumzi ya Ngusa hukatika usingizini zaidi ya mara arobaini kwa saa.

"Akilala hapumziki, mama, anapigania roho," alisema daktari. "Mchana mwili unadai usingizi wake." Akaitazama pua ya Ngusa iliyopinda na taya lililokaa upande. "Huku kuvunjika kulitokea wapi?"

Kulitokea jeshini, nje ya nchi, kikosi chao kilipokwenda kulinda amani. Lori lilipinduka, uso wa Ngusa ukagonga chuma. Basi wakaomba pensheni ya ulemavu. Bodi ikajibu kwa aya moja: majeraha yalipona, na hakuna ushahidi kwamba ugonjwa wa usingizi ulianza akiwa kazini. Kama haridhiki, akate rufaa ndani ya siku tisini.

Ngusa aliikunja barua. "Tuache, Mama Nelly. Mimi nimezoea."

"Mimi sijazoea," alisema Bhoke.

Aliisoma ile aya mpaka akaijua kwa kichwa. Akaona kinachotakiwa ni mtu aliyelala hema moja na mumewe. Akamwachia binti yake Nelly kibanda, akapanda basi mpaka Geita, kisha pikipiki mpaka Rwamgasa, kumtafuta Sostenes, aliyekuwa dereva wa lile lori na mwenzake Ngusa wa hema. Siku mbili alizunguka kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akiulizia jina hilo katikati ya kelele. Alimpata akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, mimi ndiye niliyelipindua," alisema Sostenes hata kabla ya kumkaribisha kiti. Akaeleza kwamba kabla ya ajali Ngusa alilala kimya kabisa. Alipotoka hospitali ya kikosi, wenzake walihama hema kwa mkoromo wake. "Lakini kilichoniuma ni ile adhabu. Siku kumi na nne mahabusu kwa kulala lindoni! Mtu niliyemvunja uso mimi mwenyewe."

Habari ya adhabu Bhoke hakuwahi kuisikia. Aliimeza. Akasubiri Sostenes aandike maelezo yake na kuyaapia mbele ya wakili, akarudi Maganzo.

"Baba Nelly, uliwahi kuwekwa mahabusu?"

Ngusa aliinama. Akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilikuoa nikiwa nayo. Niliogopa utaniona mtu anayeweza kuwaacha wenzake wauawe."

Bhoke aliisoma polepole. Koplo amekutwa amelala akiwa amesimama, bunduki mkononi. Chini palikuwa na tarehe: wiki tisa baada ya ajali.

"Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta."

"Hiyo? Hiyo ni aibu yangu."

"Itazame tarehe. Wao wenyewe wameandika ulianza lini."

Siku tatu alikataa. Bhoke hakumsukuma, alipika na kuhudumia kama kawaida. Siku ya nne Ngusa alinyoa ndevu, akasema, "Tuipeleke. Ila nitaisoma mwenyewe."

Waliosikiliza rufaa walikuwa watatu. Mmoja aliutazama mwili wa Ngusa ulionenepa, akauliza kama tatizo si unene tu. Bhoke akampa ripoti ya daktari pamoja na picha ya Ngusa siku ya kuagwa jeshini, mwembamba, mashavu yameingia ndani. Kisha Ngusa akasimama kusoma. Alipofika kwenye neno uzembe, sauti ilikatika. Bhoke alitamani kuipokea ile karatasi ammalizie. Akaibana mikono yake mapajani, akamwacha. Ngusa akalirudia neno hilo, akasoma mpaka mwisho.

"Kabla ya siku hiyo uliwahi kuadhibiwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana, afande. Miaka kumi na moja, hata mara moja."

Mwenyekiti alivua miwani, akaandika kwa muda.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Bodi ilikubali kwamba ugonjwa ulitokana na kazi, ingawa kiwango cha ulemavu kiliwekwa chini ya walichoomba. Ngusa alipewa mashine ya kusukuma hewa, anayoivaa usoni kama barakoa akilala. Wiki ya kwanza aliilalamikia. Wiki ya tatu aliamka alfajiri bila kuitwa, akamsaidia mkewe kupasua kuni, akamuuliza mambo ya miaka mingi ambayo alikuwepo lakini hayakumbuki.

Adhabu ilibaki kwenye jalada lake. Kuifuta, waliambiwa, ni shauri la ofisi nyingine. Bhoke aliomba anwani ya ofisi hiyo, akaiandika nyuma ya barua ya ushindi, na Jumatatu iliyofuata akamtuma Nelly dukani kununua karatasi.