Halua Inayolia Siku za Kazi

Mwaka wa kwanza halua ya watawa ilipolia, kijiji kizima cha Villardejo kilisema ni unyevu. Mwaka wa pili kikasema ni Visi.

Visitación Arranz, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lote isipokuwa daktari, alikuwa na miaka sitini na mitatu. Arobaini na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika monasteri iliyo juu ya kijiji. Aliingia akiwa mfuaji, akaongezewa kufagia kanisa, na Ndugu Nicasio mpishi alipofariki akaongezewa jiko, kwa sababu watawa waliobaki walikuwa wanne na hakuna hata mmoja aliyeweza kuchemsha yai bila kulipasua.

Halua yenyewe ni nyeupe: asali, ute wa mayai na lozi, vikipigwa kwa mwiko juu ya moto mdogo kisha kumiminwa kwenye visanduku vya mbao. Nimekula halua katika miji mingi, na ndugu wa karibu wa hii nilimkuta Isfahan, kule Uajemi. Lakini watu wa Villardejo hawataki kusikia habari za Isfahan. Kila tarehe thelathini Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kila nyumba hupokea kipande mlangoni pa monasteri, na kipande hicho sharti kivunjwe kwa nyundo. Kisipotoa mlio, wazee wanakirudisha. Na halua ikilia, maana yake asubuhi unakikuta kisanduku kinavuja asali na lozi zimezama chini kama mawe mtoni.

Ndugu Nicasio alikuwa akiipika amejifungia. Hakumfundisha mtu. Kilichobaki ni kipande cha ngozi ya kondoo kilichoandikwa na mtawa fulani zaidi ya miaka mia sita iliyopita, kikiwa ukutani nyuma ya kioo. Don Hermógenes, mfamasia mstaafu na mtu pekee kijijini anayesoma Kilatini kwa raha yake, alikitafsiri hivi: "Ipige kwa toba saba. Moto uleule, asali ileile, mkono uleule, toba ileile: ya siku ya kazi hulia, ya sikukuu husimama. Mpishi anajua kwa nini."

Toba ni ile zaburi inayoanza kwa "Unihurumie, ee Mungu". Hilo halikumshinda mtu. Don Hermógenes aliisoma kwa sauti, saa mkononi, akapata dakika mbili na nusu. Mara saba, dakika kumi na saba na nusu. Mwaka wa kwanza Visi aliipiga dakika hizo hizo, ikawa nyeupe, nzito, inang'aa kama chokaa mpya. Asubuhi ilikuwa inalia. Mwaka wa pili alizidisha maradufu. Ilipofika nusu saa halua ikalegea ghafla kama uji, naye akaitoa motoni kwa hofu. Ililia kuliko ya kwanza.

"Na hiyo habari ya siku ya kazi na sikukuu?" aliuliza Visi.

"Ushirikina, Visi. Watu wa zama zile waliamini sikukuu ina baraka."

"Baraka haijui kukausha asali, Don Hermógenes."

Oktoba ya mwaka wa tatu, Abati Leandro, mkuu wa watawa, alimwita. Alikuwa mpole, mdogo kwa Visi kwa miaka kumi, na alikuwa na tabia ya kupanga kalamu zake kila alipokuwa na habari mbaya.

"Visi, mjini kuna watu wanaleta chakula kwa gari, kimeshapikwa. Mara tatu kwa wiki. Tuko wanne tu."

"Na jiko?"

"Tutalifunga. Umechoka, Visi."

"Nani kakwambia nimechoka, Padre?"

"Dada yako Bilbao ana chumba, si ulisema?"

"Ghorofa ya nne, dirisha linatazama dirisha. Nilisema pia kwamba sitaki."

Abati akasogeza kalamu moja. "Halua ya mwaka huu ikisimama, tutazungumza upya."

"Tusizungumze. Ikisimama, jiko linabaki."

Abati akairudisha kalamu mahali pake. "Haya. Linabaki."

Kuanzia siku hiyo Visi hakulala vizuri. Alijaribu sukari, akaitupa. Hiyo ilikuwa peremende ya dukani. Alijaribu moto mkubwa, akaunguza lozi kilo mbili. Novemba ikaingia.

Jumapili ya pili ya mwezi alikuwa kanisani alfajiri, kama kawaida, akipangusa mabenchi huku watawa wakiimba sala ya asubuhi kule mbele. Zaburi ya toba huimbwa humo kila siku. Siku za kazi, zaburi hiyo inapokwisha, kitambaa cha Visi huwa kwenye benchi la tisa, mbele ya sanamu ya Mtakatifu Roko na mbwa wake. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Mkono wake ndio uliolijua. Asubuhi ile aliinua macho akajikuta benchi la kumi na tano, karibu na mlango, na wale wanne walikuwa bado wanaimba.

Akakaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini.

Sala ilipokwisha alimfuata Ndugu Eutimio, mwenye miaka tisini, ambaye ndiye huanzisha nyimbo.

"Ndugu Eutimio, leo mlisinzia?"

"Leo Jumapili, binti."

"Najua ni Jumapili, nimevaa soksi nzuri. Mbona toba imekuwa ndefu?"

"Haijawa ndefu. Siku ya kazi tunaimba kama punda anayerudi zizini. Jumapili, kama punda aliyebeba mayai. Sikukuu kubwa," akainua kidole kilichopinda, "kama punda aliyembeba Bibi Maria. Kila mstari unakatwa katikati, unangoja pumzi, na sikukuu unaingoja pumzi nzima."

"Na mpishi wa zamani alihesabu muda kwa kitu gani?"

"Kwa kuimba. Kwani alikuwa na saa?"

Visi alishuka kijijini bila kuvua aproni. Don Hermógenes alikuwa anakunywa kahawa.

"Wewe uliisoma," alimwambia. "Hukuiimba."

"Zaburi ni ileile, mwanamke!"

"Ndivyo ile ngozi inavyosema. Ileile. Na bado ya siku ya kazi inalia." Akamwondolea kikombe. "Tarehe ishirini na tisa, saa tisa alasiri, jikoni. Ndugu Eutimio anahitaji mtu wa kumjibu. Peke yake atakufa kwenye zaburi ya tatu."

"Mimi sauti yangu ni ya kuuzia dawa ya kikohozi."

"Basi leta na hiyo dawa."

Siku hiyo ilikuwa ya kazi, lakini Ndugu Eutimio aliahidi kuimba kama sikukuu. Walimkalisha kwenye kiti karibu na jiko, blanketi magotini. Visi akashika mwiko kwa mikono miwili juu ya sufuria ya shaba. Mzee akaanza, Don Hermógenes akajibu, kwanza kwa aibu, kisha kwa majivuno. Mara mbili alirukia mstari kabla ya wakati wake.

"Pumzi, mfamasia!" Ndugu Eutimio alimkemea. "Unakimbilia wapi? Duka lako lilishafungwa."

Zaburi ya pili ilipokwisha, halua ilikuwa nyeupe na nzito. Katikati ya ya nne, ikalegea.

"Itoe!" alipiga kelele Don Hermógenes. "Imekatika! Ndiyo ileile ya mwaka jana!"

Visi aliitazama. Ilikuwa uji mtupu. Bega lilikuwa likiwaka moto, na mbele yake aliliona lile dirisha la Bilbao linalotazama dirisha.

"Umeacha mstari," alisema. "Imba."

Ya tano, uji. Ya sita, mwiko ukaanza kukataa. Ya saba Visi alikuwa anasukuma kwa mwili mzima, akitoa machozi, na mstari wa mwisho ulipokwisha aliachia mikono. Mwiko ukabaki umesimama katikati ya sufuria. Don Hermógenes akaangalia saa yake: dakika hamsini na nane. Alimmiminia mzee maji.

Asubuhi ya sikukuu Abati Leandro alifungua kisanduku cha kwanza yeye mwenyewe, watu wakiwa wamepanga foleni hadi kwenye kisima. Mbao zilikuwa kavu. Akapiga nyundo, na halua ikapasuka kwa mlio uliomfukuza paka wa jikoni. Bibi mmoja kwenye foleni akafanya ishara ya msalaba.

Abati akatia kipande mdomoni, akatafuna taratibu.

"Nitawaandikia wale watu wa gari," alisema.

"Waandikie leo."

"Leo ni sikukuu."

"Basi kesho, kabla ya kahawa." Visi alikuwa ameufunga mkono wake wa kulia kwa shali, hauinuki. "Na mwakani, Padre, mwiko utaushika wewe. Mimi nitakuonyesha."

Abati alikunja mkono wa joho lake na kuutazama mkono wenyewe, mwembamba, wa mtu wa vitabu.

"Kuanzia lini?"

"Lozi zipo," alisema Visi. "Kuanzia Jumatatu."