Herufi za Ukuta wa Somoe

Mie kwenye nyumba ile sina damu, nina chumba. Mpangaji. Lakini anayesema mpangaji hana uchungu na nyumba hajawahi kuamka akakuta mwanaume asiyemjua anapima chumba chake kwa hatua, na yeye yumo ndani na kanga moja kifuani. Mie yamenikuta. Nilimmwagia maji ya vyombo, na sijutii.

Nyumba iko Charambe, Mbagala. Aliijenga marehemu Mzee Marijani kwa mikono yake, maana alikuwa fundi uashi, leo chumba hiki, mwakani kile. Akamwacha mjane wake na watoto wawili. Mkubwa ni Bakari, anaishi Mbezi Luis na mkewe. Mdogo ni Somoe, hajaolewa, anakaa na mama yake. Mie nasukia nywele barazani, kwa hiyo hakuna kinachopita nisikione. Naitwa Avelina, kwetu Songea, na kunong'ona sikufundishwa.

Basi Bakari alitaka kuiuza ile nyumba. Mama yake yu hai, anapika, anasali, na mtoto anazunguka na madalali! Eti mama atapangiwa chumba kizuri chenye vigae. Mama alimjibu kwa upole, "Baba yako alitolewa hapa na jeneza, na mie nitatolewa hapa hapa." Bakari akaitikia ndiyo mama, na wiki ile ile akaleta mteja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Somoe anafanya kazi steshenari pale Rangi Tatu. Anatengeneza kadi za harusi, fulana za vikoba, mabango ya mahafali. Kutwa anawachagulia watu fonti. Bibi harusi anataka herufi zilizojikunja, wafiwa wanataka nzito zilizotulia. Lakini kwa nyumba yao alifanya kama wanavyofanya watu wote wa mji huu. Alichukua brashi na rangi nyekundu akaandika ukutani kwa nje: NYUMBA HII HAIUZWI. Kesho yake tukakuta pamepakwa chokaa. Akaandika tena, pakapakwa tena. Mara ya tatu Bakari alikuja mchana kweupe na ndoo yake, akapaka huku anasalimiana na majirani kama mtu anayefanya usafi.

Alipoondoka, mama aliniita. "Avelina, kuanzia leo usiniite Mama Bakari. Niite Mama Somoe."

Jamani! Jina umeitwa tangu uzazi wa kwanza, unalivua una mvi kichwa kizima? Nililia waziwazi. Mteja niliyekuwa namsuka nilimkosea njia za kichwani, ikabidi nifumue.

Sasa kuna dalali mmoja wa mtaani, Mudathir, mkewe namsukaga mie. Siku moja amekuja kumsubiri, nikamuuliza kwa hasira, "Hivi nyie hamjui kusoma? Ukutani tumeandika haiuzwi, na bado mnaleta watu."

Akacheka. "Dada Avelina, hayo maandishi ndiyo yanayotuita. Dalali akiona haiuzwi, anajua ndani kuna ugomvi. Penye ugomvi kuna mmoja anayetaka kuuza."

Nilimpelekea Somoe maneno hayo kama yalivyo. Nilitegemea atatukana. Akachukua simu, akafungua picha ya ukuta aliyoipiga kabla haujafutwa. Akaitazama sana.

"Anasema kweli, dada. Hebu ziangalie. Zimeandikwa mbiombio, zimechuruzika, huyu H ameinama. Herufi zenyewe zinaomba. Hata mie ningeziona ningesema hapa kuna mtu ana hofu."

"Herufi ni herufi, mwanangu. A ni A."

"Mbona bibi harusi simuwekei za msibani?" Akaizima simu. "Nataka herufi za nyumba hii," akasema. "Zetu peke yetu. Mtu akiziona ajue kuna wenyewe, na hawaendi kokote."

Ndiyo tukaanza kuzurura. Kila Jumapili nikitoka kanisani namkuta kasimama na simu yake, twende. Chamazi kwenye uwanja wa mpira alipiga picha maandishi makubwa ya ukutani, akasema mazuri, ila yanashangilia. Stendi ya Mbezi Luis tulikaa mpaka miguu ikavimba, anapiga ubavu wa kila basi la mikoani, mie naogopa tusikutane na Bakari. Herufi za mabasi zimelala mbele, zina mikia, zina moto. Nilizipenda kweli. "Hizi zinaondoka, dada," akaniambia. "Sie hatuondoki."

Lakini siku ya Segerea sitaisahau. Alisikia kuna ubao wa onyo karibu na gereza, herufi zake zimenyooka vizuri. Ndiyo anatoa simu, askari huyo hapo. Nikajua leo tunalala ndani kwa ajili ya alfabeti.

"Mnapiga picha nini hapa?"

"Shikamoo afande. Hatujapiga bado. Nilitaka herufi."

"Herufi?"

"Hiyo K, afande. Imesimama vizuri mno."

Askari akageuka akaitazama K. Nadhani kazi yake yote pale hajawahi kuitazama. Akatuambia tuondoke na simu irudi kwenye pochi, lakini kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. Njiani nikamwambia Somoe basi tumepata, tuchore kama zile, Bakari atatetemeka. Akakataa. "Zile zinatisha tu. Mama yangu hatishi watu. Anakaribisha."

Nikachoka, nasema ukweli. Sakafu ya baraza ninaposukia ilijaa maboksi aliyochorea, wateja wanakanyaga. Bakari alipita siku moja akayaona, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mie naongea na watu wenye hela zao, mwenzangu anajifunza a, e, i, o, u!" Nikamwambia, "Cheka kaka. Meno si yako?" Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Nilishauliza vyumba hadi Kongowe.

Jibu lilikuwa ndani ya nyumba muda wote. Mchana mmoja umeme umekatika, joto haliambiliki, tumelala watatu kwenye mkeka sebuleni. Juu ya dirisha kuna yale matofali ya maua, yenye matundu ya kupitisha hewa. Somoe alikuwa anayatazama. Ghafla akakaa.

"Mama, haya matofali baba aliyanunua?"

"Anunue wapi? Alifyatua hapo uani, kwa kalibu yake mwenyewe. Mtaa mzima hayapo kama hayo."

Kalibu tuliikuta stoo, chini ya mabati. Ni kiboksi cha mbao, na ndani vipande vya kupanga ili patokee matundu. Vipande vya aina mbili tu, kimoja mstari mnene, kingine nusu mwezi. Somoe akavimwaga kwenye mkeka akaanza kuvipanga. Mstari umelala juu, mstari umesimama chini yake, T. Mistari miwili imesimama, nusu mwezi imelala chini, U. Mstari na nusu mwezi begani, P. Nusu mwezi mbili zikitazamana, katikati ameacha nafasi nyembamba ya kupita saruji, O. Alipanga alfabeti nzima. Zilikuwa herufi fupi, zimejaa, zina mabega. Mie Mzee Marijani nilimkuta, mtu mfupi mwenye mabega hivyo hivyo.

"Sasa tunaandika haiuzwi kwa saruji," nikasema. "Nione chokaa itafanya nini!"

Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Nyumba yangu siyo bidhaa. Sijawahi kuiweka sokoni, kwa nini nisimame barabarani nikatae bei? Mtu akipiga hodi hapa huwa namjibu nini?"

Jibu lake tulilijua wote, mtaa mzima unalijua. Ukipiga hodi kwa mama yule, anakujibu kutoka uani kwa kuvuta, "Tupooo!"

Tukafyatua wenyewe. Tofali la kwanza tulilitoa kwa papara likapasuka vipande. Mama akatufokea kama watoto. Baba yao alikuwa akiyaweka kivulini, akiyafunika magunia, akiyamwagia maji asubuhi na jioni, na nyie mnakimbilia wapi? Tukatii. Yalipokomaa, fundi akatoboa ukuta wa mbele, upande wa kibanda cha jiko, akayajenga usawa wa macho ya mtu mzima. TUPO. Watoto wakawa wanapitisha mikono kwenye matundu. Jirani mmoja akauliza kama tumefungua baa.

Bakari alipoyaona alinuna, akaondoka zake. Jumamosi akaja na rangi, na safari hii siyo chokaa, ni rangi nyeupe ya dukani. Kumbe ana mteja mkubwa mchana ule. Akapaka ukuta wote, kona hadi kona. Akapaka na juu ya herufi, anasukuma brashi kwa hasira, na brashi inazama. Utapakaje tundu? Alipomaliza akarudi nyuma kuangalia kazi yake. Ukuta mweupe pe, na herufi nyeusi ti katikati kwa giza la jiko. Hazijawahi kusomeka vile. Nilicheka, jamani, kitana kikanidondoka. Somoe hakucheka. Alisimama mlangoni kamkazia macho kaka yake, mikono kifuani.

"Asante kwa rangi, kaka," akasema.

Kabla Bakari hajajibu, gari la yule mteja likafika. Akashuka baba mmoja mtu mzima kavaa miwani ya jua, Mudathir nyuma yake. Akatembea mpaka ukutani, akasoma kwa sauti, taratibu. "Tu-po." Akamgeukia Bakari.

"Nani wapo? Si uliniambia mama yenu alishatangulia mbele za haki?"

Mudathir akaangalia viatu vyake. Somoe aliziba mdomo kwa kiganja. Uuze nyumba sawa, lakini umzike mama yako yu hai?

Upande wa pili wa ukuta tukasikia mwiko unawekwa juu ya sufuria. Halafu kwenye nusu mwezi ya O likatokea jicho.

"Sijatangulia, baba," mama akasema. "Nilikuwa napika."

Yule baba akavua miwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akamjibu. "Tupo."