Meza, Halafu Useme

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo mbili na onyo moja. Ilikuwa kwenye stoo ya dawa ya hospitali fulani katikati ya jiji, chini ya ardhi, na aliyenikabidhi alikuwa Mfamasia Mkuu, mtu aliyevaa tai hata ndani ya koti la kazi. Funguo zilikuwa za kabati la chuma lenye milango miwili, wa nje na wa ndani, tulimoweka mofini na pethidini, dawa za maumivu makali ambazo mtu anaweza kuzizoea akashindwa kuziacha.

"Kijana," akaniambia, "hizi funguo mbili zisilale kwenye kamba moja. Na usizoeane na mtu anayependa kukutembelea hapa."

Nilimtii kupita kiasi. Kwa miaka kumi hakuna aliyenitembelea. Hata mchumba niliyekuwa naye alichoka kusikia habari za kufuli, akaolewa na mwalimu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya ufamasia na ndoto ya kuvumbua dawa. Nikawa bawabu wa kabati. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna kompyuta, lakini kabati mtalikuta palepale.

Kisha nikahamishwa kwenda kliniki moja isiyo mbali na Dagoretti Corner. Tulitoa methadoni, dawa ya maji ambayo huchukua nafasi ya heroini mwilini, ili mtu aamke bila arosto, yale maumivu ya kukosa, na aende kazini kama watu wengine. Wagonjwa wetu tuliwaita wateja, kana kwamba wangeweza kwenda duka jingine.

Mkuu wa Kliniki alikuwa daktari mwembamba ambaye sote tulimwita Madam. Alinionyesha dirisha langu, lenye wavu na tundu la kupitishia kikombe.

"Pampu ndiyo inapima dawa," alisema. "Wewe kazi yako ni koo."

"Koo?"

"Akishameza, mwambie aseme kitu. Mtu hawezi kuongea vizuri na dawa mdomoni. Asiposema, hajameza."

Sababu yake ilikuwa nzito. Kipimo kinachomsimamisha mtu aliyezoea kinaweza kumkata pumzi mtu ambaye hajazoea. Kwa hiyo dawa haikutoka getini, si kwenye chupa, si mdomoni.

Wengi walisema "Nimemeza" au "Asante, daktari" wakaondoka. Wekesa hakuwa hivyo. Alikuwa fundi wa sofa, mmoja wa wale wanaofanya kazi kando ya Ngong Road, na kila asubuhi alinipa habari za sofa aliyokuwa akiitengeneza.

"Daktari, leo naweka sponji."

Kesho yake: "Mwenye sofa amekuja. Anataka kitambaa ya maua. Nimemwambia maua itachoka mbele yake."

"Fundi, maliza hadithi, tuko nyuma hapa," mtu alimpigia kelele kwenye foleni.

"Wewe tulia. Hata hujui kukaa kwa kiti, unajua tu kulala."

Siku moja aliniuliza ninataka seti ya watu wangapi. Nikamwambia wa mtu mmoja.

"Hiyo hatutengenezi, daktari. Hiyo ni ya hospitali."

Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, nikarudi nyumbani Mountain View nikiwa na kitu cha kufikiria jioni nzima. Sitaki kujipamba: kwa miaka miwili, sentensi ile moja ya Wekesa ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu marefu ya siku.

Nje ya geti mambo yalikuwa mengine. Polisi walijua saa zetu za kufungua kuliko sisi. Walisimama karibu na steji ya matatu, wakiwapekua wale wembamba. Madam alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo. "Sheria inasema huyu ni mhalifu mpaka afike kwenye mlango wangu," alisema. "Kutoka barabarani mpaka mlangoni ni hatua mia mbili. Nani atamvusha?" Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mimi nilikuwa mtu wa koo. Barabara haikuwa idara yangu.

Asubuhi moja Wekesa alikunywa, akarudisha kikombe, akatingisha kichwa kuniaga.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Mm."

"Wekesa. Sema."

Alinitazama. Macho yake hayakuwa ya mwizi, hilo nililikumbuka baadaye. Yalikuwa ya mtu anayepima kama aketi au asimame.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akafungua. Chini ya ulimi kulikuwa na kipande cha sponji ya sofa, kimekatwa vizuri kwa kisu cha kazi, kimenyonya dawa mpaka kikavimba. Alikitema kwenye kikombe mwenyewe. Hakuna aliyecheka kwenye foleni. Nikaandika ripoti, na kwa kanuni zetu akasimamishwa siku saba.

Siku ya tatu Madam alirudi kutoka mkutanoni, akaisoma.

"Umemwandika."

"Ndiyo, Madam. Angeweza kuua mtu."

"Ni kweli. Ulimuuliza ilikuwa ya nani?"

Nilifikiri nimesikia swali rahisi. Nikaitazama ripoti mkononi mwake: jina la mtu wa pili halikuwamo. Kila asubuhi kwa miaka miwili nilimwambia aseme. Siku aliyokuwa na la kusema, nilimwambia afungue mdomo tu.

Madam alivua miwani. "Adhabu nimeifuta. Twende tukamlete."

Tulitembea mpaka karakana yake. Sofa ya watu watatu ilikuwa hapo bila kitambaa, sponji nje. Fundi mwenzake hakuinuka.

"Mmekuja kuchukua sofa? Sofa iko. Mwenye kuitengeneza ndiye amechukuliwa."

Alitueleza huku akipiga misumari. Arosto ilimshika Wekesa siku ya pili. Akaenda kutafuta unga, ile heroini ya mtaani, akashikwa na polisi akiwa na pakiti moja mfukoni. Na ile dawa ya mdomoni ilikuwa ya mke wake, Mama Sheila, ambaye naye alikuwa kwenye unga. Aliwahi kushikwa akija kwetu kujiandikisha, akakaa rumande, akaapa hatatembea barabara ile tena. Asubuhi ile Wekesa alikuwa akimpelekea nusu ya uzima wake kwenye sponji.

"Si mlijua?" fundi akauliza. "Ye alisema huyo daktari wa dirisha ni rafiki yake."

Wekesa alifungwa. Madam alikwenda mahakamani na barua. Hakimu aliisoma, akasema sheria ni sheria. Mama Sheila aliletwa na Madam mwenyewe. Wiki nzima walipita mbele ya polisi wakiwa wameshikana mikono, wakizungumza juu ya bei ya sukuma wiki.

Mama Sheila akaja dirishani kwangu. Akameza. Nikamwambia aseme kitu.

"Nimemeza," alisema.

Alisema hivyo kila asubuhi mpaka nikastaafu. Neno hilo tu. Mgongo ulinistaafisha mapema, na siku yangu ya mwisho wenzangu walinunua keki. Nilingoja ameze, nikakusanya ujasiri ambao ningepaswa kuwa nao zamani.

"Mama Sheila, Wekesa yuko aje?"

Alirudisha kikombe kwenye tundu, taratibu.

"Daktari, hiyo swali ilikuwa ya siku ile ya sponji."

Akaondoka.

Siku hizi nikialikwa kwenye mijadala mjini kuhusu sheria za dawa za kulevya, naenda. Upande mmoja unasema wafungwe, mwingine unasema watibiwe, na mimi hupewa dakika tano. Huzungumzia hatua mia mbili. Mara ya mwisho bwana mmoja aliniambia kwa upole kwamba hiyo ni hadithi, wao wanataka takwimu. Hakukosea sana. Watu wengine walikufa kwa kipimo cha wenzao, na kanuni niliyoifuata iliandikwa kwa ajili yao. Ningemwandika tena Wekesa. Ila kwanza ningemuuliza.

Ile sofa fundi mwenzake Wekesa aliimaliza, nami nikainunua. Upande wangu umeshuka. Nafasi mbili zilizobaki bado ni mpya. Kila asubuhi naketi hapo, nameza kidonge cha presha, kisha nasema kitu. Nasema mvua imechelewa, au jirani amepaka geti rangi. Halafu nanyamaza kidogo, kama mtu aliye nje ya dirisha, anayengoja wa ndani amuulize jambo.