Mlango Ulionivunja Shingo Ndio Ulionibeba

Kama unasoma haya ukiwa umelazwa chali, shingo imefungwa ile kola ngumu inayokunyima kila kitu isipokuwa dari, basi nakuandikia wewe kwanza. Dari hiyo naijua. Mimi mbao za dari yangu nilizipa majina, na mbili nilizigombanisha.

Naitwa Osmund, fundi seremala, karakana yangu iko Mbinga mjini. Kabla ya haya yote mikono yangu ilikuwa na sifa mpaka Matiri kwa wakwe zangu. Misumari niliyokwisha kupigilia ukiipanga barabarani inafika Songea na mingine inabaki. Na kila nilipomaliza kupachika mlango nilikuwa na jaribio langu moja. Namwita mwenye nyumba asimame, nausukuma mlango kwa kidole kimoja tu, kile kidogo cha mwisho, nao unajifunga kimya kimya. Ukitaka nguvu ya mkono mzima, naung'oa naanza upya. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yangu kabla sijawa na sahihi nyingine.

Sahihi nyingine niliipata shule ya jioni. Mchana naranda, jioni nasoma, mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na mvi kidevuni. Nilicheza dansi peke yangu stendi nzima. Mke wangu, Skola, akasema, "Baba Neema, sasa utapumzika lini? Ukishakufa? Twende ziwani, tukakae siku tano bila kufanya kitu, kama watalii."

Tukashuka Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye vibanda vya Mzee Saidi. Huyu ni mwenye duka pale, wazazi wake walitoka Kilwa, na vibanda vyenyewe vinne alivijenga kwa mianzi na nyasi. Kitanda cha miti. Sakafu mchanga. Bafu la matete lisilo na paa, ukioga ndege wanakutazama na kujadiliana. Mimi kama fundi nilikikagua kibanda chetu nikamwambia Skola kwamba mtu akipiga chafya humu ndani tutaamkia Malawi. Kitu pekee cha maana kilikuwa mlango: mbao za paini, pana, nyepesi, zimekauka vizuri.

Kibanda cha jirani alikaa dada mmoja wa Dar es Salaam, Rehema, aliyekuja na kibao chake cha kuteleza juu ya mawimbi. Siku mbili nilimtazama. Anasimama juu ya maji yanayokimbia kama mtu aliyesimama sebuleni kwake anatafuta rimoti. Nikaona wivu, nikasema moyoni, kile si ubao tu? Mbao nani anazijua kuliko mimi?

Siku ya tatu ikavuma mwera, ule upepo wa kusini. Mawimbi yalikuja na urefu wa kanisa. Haya, nusu ya kanisa. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mpaka chini ya miti na kupinduliwa. Sasa sikilizeni kosa la mtu wa milimani. Kwetu Umatengo ukiona majembe yote yamelazwa, unajua ni Jumapili au kuna msiba. Nami nikaiona mitumbwi imelazwa nikasema, loo, wenzetu leo wamepumzika. Haikunijia kwamba wameogopa.

Hata Rehema alikuwa ameegesha kibao chake ndani.

"Dada, leo huingii?"

"Leo siingii, kaka Osmund. Leo ziwa linapiga."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisubiri arudi kibandani, nikatoa bisibisi yangu mfukoni, nikaufungua ule mlango. Bawaba ya juu ilitoka. Ya chini, skrubu za upande wa mlango zilikuwa na kutu, zikanigomea, nikaing'oa kwenye fremu tu na kuiacha ining'inie kwenye mbao. Uvivu wa dakika tano.

Skola alikuwa anafua. "We Baba Neema! Mlango wa watu unaupeleka wapi?"

"Naupeleka kuoga!"

Wimbi la kwanza lilinipiga kifuani likanilaza. La pili likanipiga nikiwa bado naamka, likanijaza mchanga mdomoni. La tatu nikalipanda. Naapa nililipanda! Nililala kifudifudi juu ya mlango, nikashika kingo, na kwa pumzi kama tatu nilikuwa mfalme wa Nyasa yote.

Halafu pua ya mlango ikachimba maji. Mlango ukasimama wima, nikarushwa kichwa mbele. Paji la uso likagonga mchanga wa chini, kichwa kikakunjwa nyuma, na mwili wangu wote ukaja juu yake na uzito wake wote. Nikasikia shingo ikilia kama ubao unaopasuka kwenye ufa. Wimbi likanibeba, likanigeuza, likanipigiza tena. Mlango ukanifuata nyuma, na ile bawaba niliyoiacha ikanichana paji la uso mpaka kwenye mfupa. Maji yakawa mekundu, nikayanywa.

Nikaiamuru mikono ipige maji. Haikuitika. Miguu nayo kimya. Nilikuwa kichwa tu, kinaelea kifudifudi, kinakunywa damu yake, macho wazi. Nawaambieni ukweli, nilifikiri nimeshakufa, na nilichokasirika ni kwamba hata kifo kina mchanga.

Rehema ndiye aliyefika kwanza. Aliingia majini na nguo zake, mawimbi yakampiga akaanguka, akainuka, akanigeuza uso juu huku amekibana kichwa changu katikati ya mikono yake miwili. Akanivuta hivyo hivyo mpaka nchi kavu. Mzee Saidi akaja mbio na wavuvi watatu.

"Mbinueni! Miguu juu, kichwa chini, maji yatoke!"

"Msimguse!" Rehema akapiga kelele. "Shingo imevunjika!"

"Mtoto wa kike, sisi watu wa maji tunajua!"

Akanishika kifundo cha mguu. Hapo Skola akatokea na khanga yake ya kufulia, ameokota kafi la mtumbwi. Mke wangu ni mtu wa shikamoo na kupiga goti, mkwe wa kupigiwa mfano. Siku ile alilishusha lile kafi mchangani, nusu hatua kutoka miguu ya Mzee Saidi, likapasuka.

"Mzee wangu, shikamoo, lakini atakayemnyanyua mume wangu bila ruhusa ya huyu dada, namvunja na yeye!"

Mzee Saidi akaachia. Baadaye aliniambia hajawahi kuamkiwa vile.

Ziwa nalo, kama linatania, likautema mlango pale pale karibu yetu. Rehema akauona. "Leteni huo." Wakanitelezesha juu yake watu sita kwa pamoja, yeye akihesabu huku ameshika kichwa. Wakaweka mifuko miwili ya mchanga kushoto na kulia kwa masikio. Wakanifunga paji la uso, kifua na mapaja kwa vitenge na kamba za nyavu, nikawa mzigo wa sokoni.

Pikapu ya dukani ikanipakia. Barabara ile ilinipiga kuliko ziwa. Kila shimo lilichoma moto kutoka shingoni mpaka kwenye ncha za vidole, vidole ambavyo nisingeweza kuvitikisa lakini viliweza kuumia. Nikatapika nikiwa nimefungwa. Skola akapiga paa la gari, wakasimama, wakaulaza mlango mzima ubavu pamoja nami, matapishi na damu vikatoka, wakaurudisha. Mara nne. Mzee Saidi mwenyewe alishika upande wa miguu, analia bila sauti.

Hospitalini daktari alitazama ule mlango, akatazama picha za shingo. "Nani alimfunga hivi?"

"Sisi," Skola akajibu.

"Mngembinua, mngeniletea maiti."

Akanieleza taratibu. Uti wa mgongo umepondwa hapo shingoni, haukukatika. "Miguu ina nafasi nzuri ya kurudi, na kwa kawaida ndiyo hutangulia. Mikono huchelewa. Vidole, fundi, sikuahidi."

Nikamwambia, "Daktari, chukua miguu yote miwili. Nirudishie vidole." Hakucheka, ndipo nikaogopa.

Walichoma sindano ya ganzi, wakakibana kichwa changu kwa vyuma viwili, kimoja kila upande, wakaning'iniza uzito nyuma ya kitanda. Mimi nilishabana mbao nyingi kwenye jiliwa karakanani, sasa na mimi nikawa kwenye jiliwa. Wiki nzima na wiki tena. Mkojo kwa mpira. Choo kilitoka bila kuniuliza, na Skola alinifuta kama alivyomfuta Neema akiwa mchanga. Usiku misuli ilinirusha kitandani yenyewe. Mikono iliungua kama imetumbukizwa kwenye mafuta ya maandazi, shuka likigusa kidole napigia kelele wodi nzima. Nilimtukana nesi. Nilimtukana Rehema, ambaye hakuwepo.

Siku ya nne kidole gumba cha mguu kikatikisika. Wiki zikapita, goti likakunja, na vyuma vilipotolewa kichwani nikakalishwa na kola. Nikasimamishwa, nikatembea kama ndama wa jana. Watu wakanipongeza. Mikono ikaning'inia tu pembeni, kama mikono ya koti.

Nikamwambia Skola, "Nenda karakanani, ugawe randa na patasi zangu kwa mafundi wenzangu."

"Hazigawiwi."

"Nimesema kagawe!"

"Kula uji wako, Baba Neema."

Akaleta kijiko. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, nalishwa kama kifaranga. Hasira ilinipanda kutoka tumboni, nikamfokea kwa nguvu zangu zote, na katika kufoka kule mkono wangu wa kulia ukaruka. Uliruka! Ukapiga bakuli, uji wa moto ukammwagikia Skola kifuani, akapiga yowe. Nesi akaja mbio kuamua ugomvi.

Akamkuta Skola ameloa uji, machozi yanamtoka, anapangusa kifua na kucheka. "Rudia!" ananiambia. "Mume wangu, mwaga tena!"

Kuanzia hapo tukaipigania ile mikono. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka nichambue vitu vidogo, basi baba mkwe akatuma kahawa kutoka Matiri, debe zima la buni. Kazi yangu ilikuwa kutoa mbovu na kuacha nzima. Buni ya kwanza ilinichukua mchana mzima na jasho la kulowesha shati, na nilipoishika ikaniponyoka ikaingia chini ya kitanda. Niliilaani buni ile mpaka ukoo wake. Kesho yake nikachambua tano. Nilipotoka hospitali debe lilikuwa limekwisha, na baba mkwe anasema hajawahi kuona kahawa iliyochambuliwa kwa matusi mengi kiasi kile.

Nyumbani nilifungia randa mkononi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaranda hivyo mpaka ngozi ikachubuka na mkono ukakumbuka. Hata leo vifungo vya shati vinanishinda asubuhi zenye baridi. Na kile kidole cha mwisho cha kushoto kililala muda mrefu kuliko wenzake wote.

Wewe uliyelala hapo, usiniulize itachukua muda gani, sijui. Ila ukijikuta una hasira, usione aibu sana, itafutie kazi. Kisha uwaombe radhi uliowamwagia. Na nyinyi wengine mtakaokwenda ziwani, mkiona mitumbwi imepinduliwa, kaeni na mitumbwi. Mtu akiumia majini, mshikeni kichwa, mfungeni kwenye ubao, acheni kubinua watu. Namshukuru Mungu, namshukuru Rehema, nawashukuru wauguzi niliowatukana na hawakunirudishia. Kwa Skola sina maneno, na mimi kukosa maneno ni muujiza wa pili.

Mwezi uliopita tulishuka tena Mbaha na mlango mpya juu ya gari. Kibanda kilikuwa bado na turubai mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

"Marahaba, fundi. Mama, marahaba na wewe, weka mikono nikuone." Skola akaonyesha mikono mitupu, akacheka. "Ninayo drili ya umeme," mzee akaniambia, "usijitese."

"Hapana, mzee. Bisibisi inatosha."

Bawaba ilikuwa ni ile ile ya paji la uso langu. Niliisugua kutu ikang'aa. Skrubu ya mwisho ilinitoa jasho, Mzee Saidi alikwenda kuswali akarudi akanikuta nayo. Hatimaye ikakaza. Nje mwera ulikuwa unavuma, mawimbi yanaupiga ufukwe, mitumbwi imelala kifudifudi.

Nikamwita mwenye nyumba asimame. Nikanyoosha mkono wa kushoto, kile kidole kidogo kilichochelewa kuamka, nikausukuma mlango.

Ukajifunga, kimya.