Barua Niliyompelekea Fundi wa Dagoretti Corner

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, miaka ile ya kukwangua kadi ndipo upige simu, mwalimu wetu wa saikolojia alitupa kazi iliyochekesha darasa zima. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tukijifunza kinachowafanya watu waridhike na maisha. Sasa kila mmoja alitakiwa kumwandikia barua mtu aliyemtendea wema na hakuwahi kumshukuru, ampelekee mwenyewe, kisha amsomee kwa sauti.

"Na tukilia?" msichana mmoja aliuliza.

"Bebeni leso," mwalimu akajibu.

Mimi sikuhangaika kutafuta mtu. Baba alioa tena mwaka mmoja kabla sijaingia kidato cha kwanza, na mke wake, tuliyemwita Anti, nilimkatalia kila kitu. Viatu alivyoninunulia sikuvivaa. Hata uji wake sikunywa akiwa anatazama. Ndipo fundi wa nguo wa Dagoretti Corner, aliyezoea kutushonea sare, akanipa sweta ya shule bure. Niliivaa miaka yote minne.

Jumamosi nikaenda kwenye kibanda chake nyuma ya steji ya matatu. Alikuwa kwenye cherehani, wateja wawili wakisubiri kwenye benchi. Nikamwamkia, nikamweleza, nikasimama kusoma. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipofikia sentensi niliyoionea fahari sana: "Hata ule mkono wa kushoto, uliokuwa mrefu kuliko wa kulia, niliupenda."

Cherehani ikanyamaza.

"Mkono gani mrefu?"

"Wa sweta."

"Mimi? Mkono mmoja mrefu?" Akawageukia wateja. "Mnasikia? Huyu amekuja kuniharibia jina!" Kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Mimi hata kufuma sijui. Hiyo sweta ilifumwa na mama yako, huyo wa kwenu Mutuini. Aliileta hapa akaniambia, 'Akijua ni yangu hatavaa. Mwambie ni yako.'"

Nilikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mteja mmoja akaniuliza kama niko sawa. Niliikunja barua, nikamshukuru fundi kwa kutunza siri, nikaenda nyumbani Mutuini.

Nilimkuta Anti shambani akimkatia ng'ombe majani.

"Umekuja leo? Kwani chuo kimefungwa?"

"Hapana. Nina barua yako."

"Soma basi, ng'ombe ana njaa."

Nikasoma, na kila palipoandikwa fundi nikasema Anti. Nilipofika kwenye ule mkono, Anti akaweka panga chini.

"Wa kushoto ulinishinda," alisema. "Nilifumua mara tatu. Shule ikafunguliwa kabla sijaupata."

"Lakini mbona hukuniambia, miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaivaa. Ningekuambia nini tena?"

Hapo leso ya mwalimu ingenifaa. Nilifuta uso kwa mkono, nikaona niseme yote mara moja. "Na uji wako ulikuwa mtamu. Nilikuwa naunywa ukitoka jikoni."

"Nilijua!" Akapiga makofi kwa kicheko. "Unafikiri ile sufuria nilikuwa namwachia paka?"

Tulibeba majani pamoja hadi kwa ng'ombe, kila mmoja na mzigo wake, tukicheka kama watu waliofahamiana jana tu. Sikurudi mjini siku hiyo. Tulipika, tukaongea habari za siku zake za shule, na jinsi alivyojifunza kufuma kwa shangazi yake huko magharibi mwa Kenya kabla hajaja Nairobi. Baba alikuja, akatutazama kwa zamu, akaamua kutouliza.

Jumapili Anti alinisindikiza hadi barabarani na mfuko wa sukuma wiki wa wenzangu wa hosteli. Kila jirani tuliyempita alisimamishwa.

"Huyu alinisomea barua jana," Anti alimwambia kila mmoja, akiwa amenishika kiwiko. "Barua ya chuo kikuu. Kurasa mbili!"